Ziara ya kundi mjini Lisbon: kaburi la Vasco da Gama mtaonyeshwa, dhahabu ya Kilwa mtaitafuta wenyewe

Ngalawa Mbili (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu. Naona maswali ya Ureno yanazidi jukwaani, kwa hiyo nashusha ya kwangu. Wa kusoma asome, wa kupita apite. Ofisi ilitupeleka mkutano Lisbon, na mkutano ulipoisha wenyeji wetu wakatuingiza kwenye ziara ya kundi ya mji mzima, asubuhi mpaka jioni. Watu wa kila taifa, muongozaji mama mmoja wa makamo mwenye mwavuli wa njano, na kila mtu kapewa kidude cha sikioni amsikie hata akibaki nyuma akipiga picha.

Niseme mapema kwamba sizipondi ziara za kundi. Lisbon ni mji wa vilima, na vichochoro vya Alfama vimesokotana kiasi kwamba ukiingia peke yako unaweza kutokea pale pale ulipoingilia, na miguu imeisha. Kuwa na mtu wa mbele anayejua ngazi ipi inaishia wapi ni jambo la kulipia. Shida yangu ni nyingine, nitaifikia.

Tulianzia Praça do Comércio, uwanja mkubwa wenye majengo ya njano pande tatu, upande wa nne ni mto Tejo wenyewe, na katikati Mfalme José I juu ya farasi. Wenyeji wengi bado wanauita Terreiro do Paço, kwa sababu ikulu ilikuwa hapo hadi tarehe 1 Novemba 1755. Siku hiyo ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani, mishumaa inawaka, tetemeko likapiga asubuhi. Waliopona wakakimbilia uwazi wa mtoni wakidhani ndiko salama. Maji yakarudi nyuma mpaka kina kikaonekana, kisha yakaja juu yao. Kilichobaki kikaliwa na moto kwa siku kadhaa.

Hapa muongozaji wetu alikuwa moto kweli kweli. Alitupitisha mitaa ya Baixa iliyojengwa upya chini ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, yote imenyooka, akatueleza kwamba ndani ya kuta zile kuna fremu ya mbao iliyosukwa kwa misalaba, ili nyumba iyumbe isianguke. Inasimuliwa kwamba walijenga nyumba ya mfano, wakaamuru kikosi cha askari kikanyage kwa kishindo kuizunguka waone kama itasimama. Jamaa zangu mnaojenga ghorofa kwa nondo za kuhesabu, huyo Pombal alikuwa karne ya 18.

Kisha tukapanda. Kule juu, ukutani mwa kanisa la Santa Luzia, kuna picha ya vigae vya buluu na nyeupe inayoonyesha ule uwanja wa mtoni ulivyokuwa kabla ya tetemeko, ikulu ikiwa bado imesimama. Wengi walipiga picha mandhari ya mto na kuipa mgongo. Msiipe mgongo. Umetoka kusimama pale chini dakika chache zilizopita, sasa unaona kilichokuwa chini ya viatu vyako.

Mchana basi likatupeleka Belém, na huko ndiko shida yangu ilikoanzia.

Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwenye ushuru wa asilimia 5 uliotozwa bidhaa za Afrika na Mashariki. Nguzo zake zimechongwa kamba za meli, matumbawe na majani, kazi ya mkono ambayo kwa kweli inakutoa ulimi. Ukiingia kanisani, kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama, kulia la mshairi Camões, ambaye utenzi wake una Mombasa na Malindi ndani. Vasco alifia Cochin, India, mwaka 1524. Mifupa yake ikarudishwa Ureno 1539, ikaja kuwekwa humo 1880.

Mama wa mwavuli akasimulia safari ya 1497 hadi 1499. Akatoka Rasi ya Tumaini Jema, akafika Calicut, India. Basi. Pwani yote ya katikati kaivuka kwa pumzi moja, utadhani ni maji matupu. Hakuna Msumbiji, hakuna Mombasa ya Aprili 1498 walikokorofishana na wenyeji, hakuna Malindi walikopewa rubani wa kuwavusha mpaka India. Nikanyoosha mkono, nikauliza. Akanijibu kwa adabu kwamba muda ni mchache na bado tuna vitumbua vya krimu vya kwenda kula.

Baadaye wakatupa muda huru wa manunuzi. Mimi nikarudi kuelekea mjini, nikashuka kabla sijafika katikati, nikapanda ngazi mpaka Museu Nacional de Arte Antiga, Mtaa wa Janelas Verdes. Humo ndani kuna kitu kinaitwa Custódia de Belém. Wakatoliki mnakijua chombo cha aina hiyo, ni monstransi, ya kuonyeshea Ekaristi. Hii ni ya dhahabu na rangi za vioo vilivyoyeyushwa juu yake, kimo sentimita 73 hivi, mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, kila mmoja na uso wake na nywele zake. Inanasibishwa na sonara Gil Vicente. Mfalme Manuel I aliiachia monasteri ile ile ya Jerónimos katika wosia wake.

Kwenye kitako kuna herufi zimezunguka. Niliinama, nikawa nazifuata moja moja nikizunguka kioo, mlinzi ananitazama tu. Zinasema kwamba mfalme aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa, ikamalizika 1506. Quiloa ndiyo Kilwa. Kilwa yetu, ya Kisiwani, imeandikwa kwenye chombo kitakatifu cha Ureno kwa maandishi yasiyofutika, na ziara yetu ya siku nzima haikuitaja hata kwa bahati mbaya.

Ndiyo maana nimefungua uzi. Nendeni na kundi, lakini mkipewa muda huru, msiumalizie kwenye sumaku za friji.

Kitumbua Moto

Uzi bila picha mkuu? Tunakusoma tu tumekaa mkao wa kula halafu sahani haina mboga.

Ngalawa Mbili

Zinakuja. Kile kioo kinarudisha mwanga, nusu ya picha zangu zinaonyesha tumbo langu na mitume kwa mbali.

BintiYaTudor

Assalam alaykum. Mimi ni wa Mombasa, na nakwambia ndugu yangu, hilo la kuivuka pwani kwa pumzi moja lisikushangaze. Sisi huku hatuhitaji kukumbushwa. Mwaka 1505 Mreno Francisco de Almeida alipotoka Kilwa alikuja Mombasa, akauteka mji, akaupora na kuutia moto. Mwaka 1528 akaja Mreno mwingine, Nuno da Cunha, mji ukachomwa tena. Ngome yenyewe ya Fort Jesus walianza kuijenga 1593, mchoraji wake Mtaliano, Cairati, na hawakutolewa mpaka Desemba 1698 baada ya Waomani kuizingira karibu miaka mitatu. Ukija Fort Jesus, waongozaji wetu watakusimulia hayo yote. Kwa hiyo ziara mbili zinakamilishana: ile ya Lisbon inakuonyesha meli zikitoka, yetu inakuonyesha zilipofika.

Nina swali la mwanamke wa Kiislamu: chakula huko vipi? Nina nafasi ya kwenda na kundi la wanawake mwakani.

Mkaazi wa Tejo

Naishi huku, nikujibu dada. Nenda Martim Moniz, mtaa wa Benformoso, umejaa Wabangladeshi, migahawa na bucha za halali hazikosekani. Msikiti Mkuu wa Lisbon uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985. Samaki ndiyo usiseme: sadini, pweza, na chewa mkavu wa chumvi ambaye wanampika kwa namna zisizo na idadi. Uliza tu kama kuna mvinyo au nguruwe kwenye sosi, maana wanavitia hata usipotegemea.

Na kuna jambo ambalo Waswahili wengi hawalijui. Wengi wa Waismailia wa hapa asili yao ni Msumbiji, walikuja miaka ya sabini, na makao ya Uimamu wa Ismailia yamewekwa hapa Lisbon kwa mkataba wa 2015. Aga Khan wa nne alifariki mji huu huu Februari 2025. Wahindi wa Dar na Mombasa wenye ndugu Lisbon si wachache.

Kwa mleta uzi, umesahau mambo mawili yaliyo njiani mwako. Kuna mtaa unaitwa Rua do Poço dos Negros. Mwaka 1515 Mfalme Manuel, yule yule wa dhahabu ya Kilwa, aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa kuwa zilikuwa zinaachwa ovyo na mji unanuka. Katikati ya karne ile, mtu mmoja kati ya kumi hapa alikuwa mtumwa, wengi wao kutoka Afrika. Tramu ya 28 inapita jirani kabisa na mtaa huo, watalii wananing'inia madirishani wanacheka, hawana habari.

La pili ni Largo de São Domingos, pembeni ya Rossio. Wapo Waafrika hapo kila jioni, hasa wa Guinea-Bissau, wanauza karanga na kupiga soga. Pasaka ya 1506 kulitokea hapo mauaji ya Wayahudi waliolazimishwa ubatizo, na sasa kuna jiwe la kumbukumbu. Kanisa lenyewe lilishika moto 1959, na kuta za ndani wameziacha na makovu yake.

Karani Mkuu

Naomba niwe mchawi wa uzi. Hii "dhahabu yetu" mnaitamka kwa raha sana. Dhahabu ilichimbwa bara, nyanda za Zimbabwe ya leo, ikashushwa Sofala, na Kilwa ikaikamata kwa sababu ilishika njia ya biashara. Kilwa yenyewe ilikuwa inatoza kodi kubwa tu kwa wafanyabiashara wa wengine. Na Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa aliyewapa Wareno dhahabu hiyo mwaka 1502, alikuwa amemwondoa sultani aliyekuwepo, mji umegawanyika, ndiyo maana Mreno akapata pa kupenyeza kisu. Tusijifanye malaika.

Ngalawa Mbili

Karani, yote uliyosema ni kweli na hayanipunguzii kitu. Julai 1502 Vasco da Gama alikuja na kundi la meli za mizinga, akamwita Amir, akamwambia alipe kila mwaka la sivyo mji utawaka. Wakakubaliana mithqali 1,500 za dhahabu, yaani kilo 6 na ushei. Mwaka 1505 Almeida akaja na kuuteka kabisa, akajenga ngome, na kufikia 1512 Wareno wakaondoka wenyewe, kwa sababu biashara waliyoifuata ilikuwa imeshawakimbia. Mwenye mgodi ni Mzimbabwe, mwenye bandari ni Mkilwa, lakini kwenye kitako cha kile chombo wote wawili wamefupishwa kuwa neno moja. Mimi nataka muongozaji alisome hilo neno kwa sauti, basi. Suala la nani alikuwa malaika sikulileta mimi.

Kitumbua Moto

Irudishwe!

Karani Mkuu

Irudi wapi, Kitumbua? Kilwa Masoko, Dar au Harare? Na ni chombo cha Kanisa Katoliki, uliwahi kuona msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani una haja na monstransi?

BintiYaTudor

Hapo Karani amenichekesha, ingawa swali ni la maana. Mimi ningeomba waitoe kwa mkopo, ikae Dar miezi kadhaa, watoto wa shule waione. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, Jerónimos na Mnara wa Belém tangu 1983. Ni majirani kwenye orodha moja, wanashindwaje kutembeleana?

Mjomba wa Nachingwea

Vijana, mmeongea ya karne ya 16 vizuri, mimi niwarudishe karibu. Ukiwa Lisbon usikose Largo do Carmo. Ni kiuwanja kidogo chenye miti, pembeni kuna kanisa la Carmo ambalo dari lilianguka kwenye tetemeko la 1755, hawakulirudisha mpaka leo, matao yanaelea juu na anga ndiyo paa. Jengo linalofuata ni kambi ya polisi. Tarehe 25 Aprili 1974 Waziri Mkuu Marcelo Caetano alijificha humo, Kapteni Salgueiro Maia akaizingira na magari yake ya vita, raia wamejaa hata juu ya miti, na jioni Caetano akakabidhi madaraka. Wananchi wakachomeka maua mekundu kwenye mitutu ya askari.

Kwa nini nawaambia? Kwa sababu wanajeshi wale walichoka kufa Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Na vita ya Msumbiji ilikuwa na mguu mmoja kwetu. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Mondlane, kiongozi wake, aliuawa Dar kwa bomu la kwenye kifurushi, 3 Februari 1969. Wapiganaji walifunzwa Kongwa na Nachingwea, na sisi tuliokulia kusini tulijua maana ya kuishi jirani na mto Ruvuma siku zile. Mwaka mmoja na ushei baada ya ile jioni ya Carmo, Msumbiji ikawa huru, 25 Juni 1975. Kwa hiyo kile kiuwanja Mtanzania akisimama pale asijione mgeni. Na lile daraja jekundu mnalolipiga picha lilifunguliwa 1966 likiitwa Salazar, jina la dikteta wao. Jina la 25 Aprili lilikuja baadaye.

Muongozaji wenu aliwapeleka Carmo?

Ngalawa Mbili

Tulipita, Mjomba. Alituonyesha matao na maua akayataja, sifa zake nampa. Ruvuma hakuitaja. Shikamoo.

Mjomba wa Nachingwea

Marahaba. Safari nyingine umuulize hiyo.

Sijaona Bado

Nimesoma mpaka hapa nikasahau kazi. Jamani mimi nina swali la kawaida tu la mtu wa kawaida: gharama na maandalizi. Na hilo la viatu nimelisikia kwa watu wengi, kuna nini?

Mkaazi wa Tejo

Viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, ikikataliwa hairudi. Bima ya safari lazima ifikie kinga ya euro 30,000. Hotelini utalipa kodi ya jiji euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni, kwa hiyo usigombane na mhudumu.

Viatu: njia za miguu hapa zimetandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi vya chokaa, vimesuguliwa na nyayo za watu mpaka vinang'aa. Mvua ikinyunya kidogo, ukiwa na soli laini kwenye mteremko wa Alfama utateremka bila kupenda. Visigino viache nyumbani.

Tramu ya 28 ni nzuri, lakini vibaka nao wanaipenda. Panda asubuhi mapema kuanzia Martim Moniz, begi liwe kifuani, simu usiitoe mlangoni. Kwenda Belém tumia tramu ya 15, na makumbusho aliyoyasema mleta uzi yako kwenye njia hiyo hiyo, unapanda ngazi kutoka barabara ya mtoni. Angalia tovuti yao kabla hujatoka, vivutio vya huku hufungwa kwa ukarabati kwa muda mrefu.

Kuna ziara za kutembea zinazoitwa za bure. Si za bure, muongozaji anaishi kwa bakshishi, na mwisho wa njia atasimama akikutazama. Nazipenda kuliko za basi, kwa sababu kundi likiwa dogo unaweza kuuliza maswali ya aina ya Ngalawa na ukajibiwa. Wapo waongozaji wenye asili ya Cape Verde, Angola na Guinea wanaotembeza watu kwenye Lisbon ya Waafrika tu. Tafuta hizo.

Na jioni panda boti ya Cacilhas kutoka Cais do Sodré. Ni pantoni ya Kigamboni yenye viti, wafanyakazi wanarudi makwao wamechoka, nauli kidogo, na unauona mji mzima kutoka majini kuliko kwenye boti za watalii zinazouza mvinyo kwa bei ya kuruka.

Kitumbua Moto

Na vitumbua vya krimu? Jina langu linanidai nijue.

Mkaazi wa Tejo

Pastel de nata. Duka la Belém linaviuza tangu 1837, foleni ndefu ya nje ni ya wanaobeba, ukiingia ndani kukaa huwa kuna vyumba na vyumba. Kula kikiwa moto, nyunyiza mdalasini. Cha mitaani ni cha bei poa zaidi na tofauti, kwa ulimi wangu, haizidi foleni.

Sijaona Bado

Asanteni. Sasa mmenitia wasiwasi: ratiba ya kundi letu tunafika Jumapili usiku, na Jumatatu ndiyo siku ya Belém.

Ngalawa Mbili

Jumatatu Jerónimos imefungwa, Mnara wa Belém umefungwa, na yale makumbusho ya Custódia nayo yamefungwa. Mtapiga picha kuta tu. Mwandikie anayewapangia sasa hivi, wabadilishe: Jumatatu mfanye Baixa, Carmo na Alfama (Carmo wao hufunga Jumapili), Jumanne asubuhi ndiyo muende Belém. Wakikataa, Jumanne hiyo jitoe kundini. Ukifika pale kwenye kioo zunguka mpaka nyuma, herufi za Quiloa hazikutazami mara moja unapoingia.